Mali Kauli, Mwisho wa Reli

Simu iliita kabla ya saa mbili asubuhi. Mama Mdogo alikuwa ameinama juu ya kichanja, pale Katonga, anageuza dagaa wa usiku ule. Mikono yake ilikuwa imejaa magamba, kwa hiyo akaniambia nipokee na niweke spika. Sauti ya mwanamke tusiyemjua ikasikika hadi vichanja vya jirani.

"Wewe mama ni mwizi. Umekula hela yangu na dagaa hujatuma."

Alikuwa anapiga kutoka Dodoma. Wiki mbili kabla ya hapo aliona video kwenye Instagram: mkono wa mwanamke unachota dagaa wakavu, unawamwaga kwenye bakuli jeupe la maji, unawakoroga, kisha kamera inasogea kuonyesha kwamba chini ya bakuli hakuna chembe ya mchanga. Akapenda. Akaandika inboksi, akatumiwa namba ya kulipia, akalipa hela ya kilo tano. Baada ya hapo ukurasa ukamfungia. Alichobaki nacho ni ile video, na pembeni mwa video ile kulikuwa na ndoo ya bluu yenye namba ya simu iliyoandikwa kwa rangi. Ilikuwa namba ya Mama Mdogo.

Mkono ulikuwa wake, bakuli lilikuwa lake, ndoo ilikuwa yake. Ukurasa haukuwa wake. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa ameichukua video yetu, akaipandisha kwake, akaanza kuvuna.

Video ile niliipiga mimi.

*

Nilisoma historia chuo kikuu, na kama wengi wa rika langu nikarudi nyumbani na cheti na bahasha za maombi ya kazi. Mama Mdogo, ambaye alinisomesha sekondari kwa dagaa, hakuniuliza kazi iko wapi. Aliniuliza kama ninajua "mambo ya mtandao", kwa sababu wenzake wawili walikuwa wameanza kupata wateja kwa njia hiyo. Nikasema ninajua. Nilikuwa nimehudhuria semina moja ya siku mbili kuhusu masoko ya kidijitali, nikapewa kalamu na chai.

Semina ilitufundisha mambo yenye maana. Posti kila siku, hasa jioni watu wakiwa wametulia. Tumia alama ya reli ili wasiokufuata wakuone. Piga picha kwenye mwanga wa asubuhi. Ukiwa na hela kidogo, lipia tangazo. Ila mwezeshaji alisema sentensi moja ambayo niliiandika kwenye daftari na kuipigia mstari: kwamba kumuuzia mtu usiyemwona, aliye mbali, asiyeweza kushika bidhaa yako, ni changamoto mpya ambayo wazee wetu hawakuwahi kuijua.

Niliiamini mpaka ile asubuhi ya simu. Jioni yake nilipanda bodaboda kwenda Ujiji, nikakaa karibu na jumba la makumbusho ya Livingstone, kwenye ile miembe inayosemekana ni vizazi vya mwembe wa zamani, nikaanza kukumbuka vitabu nilivyovisoma kwa ajili ya mtihani tu. Hakuna mji katika nchi hii ambao wazee wake waliijua changamoto ile kuliko Ujiji.

*

Richard Burton na John Speke walipofika hapa Februari 1858, Burton alitegemea kukuta mji wa bandari wenye heshima zake. Alikuta vibanda vilivyotawanyika na soko la wazi, na hakuficha jinsi alivyovunjika moyo. Lakini vibanda vile vilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyoanzia pwani, zaidi ya kilomita 1,000 kwa miguu, kupitia Tabora. Kutoka hapa mitumbwi ilivuka ziwa kwenda Umanyema kutafuta pembe za ndovu. Chumvi ilitoka Uvinza, mawese yalitoka mabondeni na ng'ambo, samaki walitoka majini palepale.

Siwezi kuliandika soko la Ujiji kana kwamba liliuza mawese na chumvi tu. Liliuza watu pia. Wamanyema walioletwa kwa kamba kutoka ng'ambo ya ziwa walipita hapa wakielekea Tabora na pwani, na wengine wakabaki hapahapa, wakawa sehemu ya ukoo wa mji huu. Mimi mwenyewe nina bibi upande mmoja ambaye hakuna anayejua vizuri babu zake walivukaje ziwa. Kwa hiyo ninaposema kwamba wafanyabiashara wa zamani walijua kujenga imani kati ya watu walio mbali, ninajua ni imani ya nani, na iligharimiwa na nani.

Lakini mbinu zenyewe zilikuwepo, na zilikuwa za hali ya juu. Ya kwanza tunaitumia hadi leo bila kujua umri wake: mali kauli. Mfanyabiashara wa Kihindi pale Unguja, kama Tharia Topan, alimkabidhi mwenye msafara vitambaa, shanga na bunduki kwa ahadi ya mdomo na karatasi chache. Hamed bin Muhammed, ambaye dunia inamjua kama Tippu Tip, alijijenga kwa mali ya namna hiyo. Aliyetoa mali asingeiona pembe hata moja kwa miaka. Asingepata picha wala ujumbe wa kila wiki. Alichokuwa nacho ni jina la mtu, jina la baba yake, na watu njiani ambao wangemwambia akisikia mengine.

Ya pili ilikuwa kumjua mteja. Burton aliandika kuhusu mamia ya aina za shanga, kila moja na jina lake na mahali inapopendwa. Shanga iliyokuwa fedha katika wilaya moja ilikuwa takataka siku tatu mbele. Msafara uliobeba rangi isiyotakiwa ulikuwa umebeba mawe. Zile nyekundu, samesame, zilipewa majina ya utani yenye maana ya kumaliza chakula na kuvunja mji, kwa jinsi wanawake walivyozipenda hata wakatoa akiba ya nyumba. Ukiniuliza mimi, kuna kampuni leo zinalipa hela nyingi kutafuta jina la bidhaa lenye nguvu nusu ya "kivunja mji", na hazilipati.

Vitambaa navyo vilikuwa na majina. Pamba nyeupe iliyotoka viwanda vya Marekani, ikaletwa na merikebu za Salem, iliitwa merikani, na watu wa bara waliijua kwa mguso. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokata pamba hiyo kuanzia 1861, wengine walijaza pengo kwa vitambaa vya Uingereza na Bombay. Jina hata hivyo lilibaki. Bibi yangu alikuwa akisema "merikani" kumaanisha kitambaa chochote cheupe kigumu, na Marekani hakuijua hata kwenye ramani.

Ya tatu ndiyo inayonifurahisha zaidi. Verney Lovett Cameron alifika Ujiji Februari 1874 na akaeleza fedha ya soko hili: shanga zilizoitwa sofi, zenye umbo la vipande vya shina la kiko. Mgeni aliyekuja na shanga nyingine au kitambaa hakuweza kununua samaki moja kwa moja. Soko lilipofunguliwa, walikuwepo watu wenye mifuko iliyojaa sofi, wakibadilishana na wanunuzi. Soko lilipokaribia kufungwa, wauzaji waliwarudishia sofi zao wakapewa walichotaka kwenda nacho nyumbani. Wenye mifuko walipata faida mara mbili, asubuhi na jioni.

Hebu nenda leo soko la Mwanga uangalie kibanda chenye mwavuli, kijana ameketi, simu tatu mezani. Asubuhi anakupa salio kwa pesa taslimu, jioni anakupa pesa taslimu kwa salio. Tulipoanza kutuma pesa kwa M-Pesa mwaka 2008 tuliambiwa ni mapinduzi. Kwa Dar es Salaam labda. Kwa Ujiji, wenye mifuko walikuwa wamerudi.

*

Sasa nije kwa mteja aliyedhulumiwa.

David Livingstone alirudi Ujiji Oktoba 1871 akitokea Umanyema, mgonjwa, amechoka, akitegemea kitu kimoja: mzigo wake. Ubalozi wa Uingereza Unguja ulikuwa umemtumia vitambaa na shanga kwa msafara, chini ya mtu aliyeitwa Sherifu, vitunzwe Ujiji mpaka arudi. Alikuta hakuna kitu. Sherifu alikuwa ameviuza vyote ili anunue pembe, akidai kwamba ameagulia na Kurani ikamwonyesha Livingstone amekufa. Mzigo ulitumwa, mzigo ulifika, wakala akala mzigo. Ukibadilisha msafara kuwa basi na shanga kuwa salio, ndiyo ile sauti iliyotupigia kutoka Dodoma.

Kilichofuata wengi hawakisimulii. Kwa mujibu wa maandishi ya Livingstone mwenyewe, mfanyabiashara mmoja Mwarabu wa Ujiji, Sayyid bin Majid, alimfuata faraghani. Akamwambia kwamba hana vitambaa, ila ana pembe. Amruhusu auze sehemu ya pembe zake, ampe yeye bidhaa. Hakuwa amemdhulumu. Hakuwa na deni naye. Livingstone alishukuru, akasema bado, baadaye.

Siku chache baadaye Henry Morton Stanley akaingia na bendera na milio ya bunduki.

Stanley alitumwa na gazeti la New York Herald, na gazeti halikumtuma kwa huruma. Mwenye gazeti, James Gordon Bennett mdogo, alijua kwamba habari ya mzungu aliyepotea ikipatikana itauza nakala. Ikauza. Salamu ile ya kuvua kofia ikaenea ulimwenguni, na kitabu cha Stanley kikatoka 1872. Hata kama aliitamka kweli au la, hatuna njia ya kuhakiki: kurasa za shajara yake za tukio hilo zilichanwa. Lakini ndivyo lilivyo jambo linalosambaa. Halihitaji kuwa kweli, linahitaji kuwa fupi.

Kwa hiyo mwaka 1872 Ujiji ulikuwa na kile ambacho semina yetu iliita "mwonekano". Watu waliosoma magazeti London na New York walilijua jina la mji huu. Ungedhani sasa utanawiri.

Wajerumani walipojenga reli ya kati, walitazama maji badala ya magazeti. Ufukwe wa Ujiji ni wa kina kifupi na uko wazi kwa mawimbi, na ghuba ya Kigoma, kilomita chache kaskazini, ni ya kina na imejificha. Reli ikafika Kigoma mwanzoni mwa 1914. Meli ya Graf von Goetzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa makreti hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi hapa, ilishushwa majini Kigoma Februari 1915. Wajerumani wakaizamisha wenyewe Julai 1916 walipokuwa wakirudi nyuma. Waingereza wakaiopoa, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Ujiji, mji uliojulikana dunia nzima, ukabaki kando ya mji ambao hakuna gazeti lililowahi kuutaja.

Hilo ndilo somo nililokosa kwenye daftari langu la semina. Kujulikana ni kitu kimoja, na mzigo kufika ni kitu kingine.

*

Dagaa walijengewa jina lao na reli na meli. Wavuvi wa Tanganyika hutoka jioni na taa, zamani za karabai, siku hizi za sola na betri, wakawavuta dagaa juu kwa mwanga. Kwa sababu hiyo kalenda ya biashara hii ni mwezi: giza likiwepo kuna dagaa, mbalamwezi ikiwa kamili wavuvi hupumzika, nyavu hushonwa, bei hupanda. Asubuhi mzigo hununuliwa ufukweni na wanawake, huanikwa, hufungwa kwenye magunia. Magunia yalipanda treni kwenda Tabora, Dodoma, Dar es Salaam. Mengine yalipanda meli kusini hadi Mpulungu, Zambia. Liemba ilikuwa soko linalotembea: palipokosa gati ilisimama majini, mitumbwi ikaizingira, na biashara ikafanyika usiku kwa kelele na tochi.

Mama Mdogo aliingia humo akiwa msichana, miaka ambayo simu ilikuwa kitu cha posta. Mteja wake wa Dar alikuwa dalali mmoja wa sokoni ambaye alimwona mara mbili tu katika miaka kumi na moja. Gunia lilikuwa na alama ya uzi mwekundu mdomoni. Dalali aliufahamu uzi, wanunuzi wake wakaufahamu, na hela ilirudi na mtu wa treni, imeshonwa kwenye pindo. Dalali alipofariki, familia yake ilimtumia taarifa kupitia matangazo ya vifo ya Redio Tanzania. Deni lake la mwisho lililetwa na mwanawe.

"Nilikuwa na ukurasa," Mama Mdogo huniambia kwa utani. "Ulikuwa uzi."

Kisha mambo yalikwenda haraka. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na miaka iliyofuata mkongo wa taifa ukasambaa mikoani. Mwaka 2015 mtandao wa Halotel uliingia sokoni na minara vijijini ambako wengine hawakuwa wamefika. Simu janja za bei ya chini zikajaa. Kufikia hapo kila mwanamke pale Katonga mwenye mtoto aliyemaliza kidato cha nne alikuwa na "ofisa masoko".

Na mimi nikawa mmoja wao. Nikafungua ukurasa. Nikaweka alama ya reli, nikicheka mwenyewe kwamba watu wa mwisho wa reli tunajiuza kwa alama ya reli. Mwezi wa kwanza tulipata wafuasi 900 na wateja wawili. Wote wawili walikuwa ndugu.

*

Kilichobadilisha hali ni swali ambalo Mama Mdogo aliniuliza tukiwa tunaangalia picha zangu nzuri za machweo: "Mwanangu, huyu anayetazama anaogopa nini?"

Anaogopa mchanga. Yeyote aliyewahi kupika dagaa anajua. Dagaa wanaoanikwa chini ufukweni huja na mchanga, na unaweza kuwaosha mara nne, bado tonge la kwanza likakuambia. Wanaoanikwa kwenye vichanja vya waya hawana. Kwa macho, kwenye picha, huwezi kuwatofautisha. Anaogopa pia kuuziwa dagaa wa ziwa jingine kwa jina la Kigoma, kwa sababu jina letu lina bei na wapo wanaoliazima. Na anaogopa kutuma hela ikapotea.

Ndipo tukapiga video ya bakuli. Haikuwa na muziki wala maandishi. Ilikuwa na sauti ya Mama Mdogo akisema tarehe ya siku hiyo, na hali ya mwezi. Tukaweka bei wazi, mbele za watu, badala ya "bei njoo inboksi", kwa sababu anayeficha bei anamfanya mteja ahisi kwamba inapangwa kwa kumtazama sura. Tukapima mzigo kwenye mizani kamera ikiwa imewashwa, tukafunga gunia, tukatuma picha ya risiti ya mzigo kutoka stendi ya basi. Na wateja tukawatoa Instagram tukawapeleka WhatsApp, kwenye kundi moja dogo, ambako mteja wa Tabata anaweza kumuuliza mteja wa Tabora kama mzigo wa safari hii ni mzuri. Wanabishana humo kuhusu chumvi na kuhusu Simba na Yanga. Sisi tukinyamaza, wao wanaendelea kutuuzia.

Nilipoyatazama yale mambo baadaye, niliona hakuna hata moja lililokuwa jipya. Bakuli ni mguso wa merikani. Kundi ni wale watu wa njiani ambao wangemwambia Tharia Topan. Mizani mbele ya kamera ni uzi mwekundu.

Hata misukosuko ilikuwa na ndugu zake wa zamani. Misafara ilitozwa hongo kila himaya. Sisi Julai 2021 tulipata tozo za miamala ya simu, na ghafla mteja aliyekuwa akituma hela mara nne kwa mwezi akaanza kutuma mara moja, au kumpa kondakta. Tozo zilipunguzwa baada ya watu kulalamika. Vita vilifunga njia ya Tabora enzi za Mirambo. Sisi mitandao ya kijamii ilizuiwa siku za uchaguzi wa Oktoba 2020, na Oktoba 29, 2025 intaneti ikazimwa kwa siku kadhaa. Katika siku zile za giza, ukurasa wetu wenye maelfu ya wafuasi ulikuwa na thamani ya ubao uliogeuzwa ukutani. Kilichobaki ni daftari la Mama Mdogo, lenye majina na namba, ambalo nilikuwa nimelicheka.

Kulikuwa pia na ile miezi mitatu ya 2024, Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi ulipofungwa ziwa zima kwa upande wetu ili samaki wazaliane. Ufukwe ulinyamaza kabisa, watu wakaingia madeni. Mama Mdogo aliwaambia wateja wa kundi mapema, kwa ujumbe wa sauti, akieleza kwa nini ziwa linapumzishwa na bei itakuwa ngapi likifunguliwa. Wengine walinunua akiba. Wengine wachache walituma hela ya mzigo wa Agosti mwezi Juni, wakasema ni ya kununulia chumvi. Ni mali kauli hiyo, ila safari hii mteja ndiye aliyeitoa.

*

Nirudi Dodoma.

Yule mwanamke alitukana kwa dakika tisa. Mimi nilitaka kukata simu. Nilikuwa na hoja zote: sisi ndio tulioibiwa, aripoti polisi, auripoti ukurasa ule bandia, amtafute aliyepokea hela. Mama Mdogo alimsikiliza mpaka mwisho huku akigeuza dagaa. Kisha akasema, "Pole, mwanangu. Hela yako sijaila. Lakini video ni yangu na jina limechafuka ni langu. Nitakutumia kilo mbili. Ukipokea, ukipika, ukiona ni wazuri, nilipe. Ukiona ni wabaya, wape paka."

Niliposikia hivyo nilipata hasira ya kweli. Nilimwambia huyu anaweza kuwa tapeli mwenyewe, huo ndio mchezo wa siku hizi. Nilimwambia atapoteza mzigo. Nilimwambia hatuwezi kulipa kila mtu anayedhulumiwa na mwizi wetu.

"Kila mtu hapana," alisema. "Huyu."

Tulituma kilo mbili kwa basi. Siku nane hazikuleta neno. Nilihesabu kila moja, na nakiri kuna sehemu ya moyo wangu iliyotaka asilipe ili niwe nimesema kweli. Siku ya tisa ikaingia nusu ya hela, bila ujumbe. Mwisho wa mwezi ikaingia nusu nyingine, na picha: sufuria, dagaa wa nazi, ukingo wa sahani. Hakuomba radhi kwa matusi, na hajaomba hadi leo. Ila anaagiza kila giza la mwezi, na kutokana naye tuna wateja sita mtaa mmoja wa Dodoma.

Nisingependa hadithi hii ikuache ukidhani wema hulipa siku zote. Mwaka uliofuata Mama Mdogo alimtumia mtu mwingine gunia zima kwa kauli, mtu aliyetambulishwa vizuri, na mtu yule akazima simu. Gunia zima ni ada ya muhula wa shule. Ukurasa bandia nao, tuliuripoti, ukafungwa, ukafunguka kwa jina jingine ukiwa na video ileile. Upo hadi ninapoandika. Mkono wa Mama Mdogo bado unakoroga maji humo, unawauzia watu dagaa ambao hawatafika.

Tulichofanya ni kupiga video mpya. Nilipendekeza tuweke nembo kubwa katikati ya picha, kama nilivyofundishwa. Mama Mdogo alitazama nembo niliyochora, akasema ni nzuri. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitu mkononi, akakifunga kwenye mdomo wa gunia kabla sijawasha kamera.

Ulikuwa uzi mwekundu.